Mikanda na mipira ya Subaru Impreza WRX ya zamani: kinunuliwe nini kwanza, na kipi ni bora

Mpira mfupi unaotoka kwenye turbo ya Subaru Impreza WRX kwenda kwenye tangi dogo la maji haufikii hata urefu wa kiganja cha mtu mzima, na mwenye gari anaweza kukaa nalo miaka kumi bila kuuona, kwa kuwa umejibanza chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo), karibu kabisa na moto wa turbo. Wa gari langu ulipasuka nikiwa napanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, majuma machache tu baada ya kununua mipira ya silikoni ya rangi ya buluu na kuifunga kwenye rejeta, ambako kila aliyefungua boneti aliiona na kuisifu. Mshale wa joto ulipanda, kisha ukashuka wenyewe, nami nikafarijika, nisijue kwamba ulishuka kwa sababu sensa ya joto ilikuwa imebaki kwenye mvuke mtupu badala ya maji. Nilipolisimamisha gari, maji yalikuwa yamekwisha. Gharama ya kubadilisha gasketi za vichwa vyote viwili vya injini ilikuwa mara nyingi ya bei ya mpira ule, na fundi aliponiwekea mkononi kipande kilichotoka, nilikikunja kidogo tu kikakatika kwa mlio wa biskuti.

Tangu siku hiyo nanunua mipira na mikanda kwa swali moja: kikikatika hiki, kitaharibu nini kingine? Swali hilo ndilo lililopanga mwongozo huu. Wengi wetu tunaanza na vinavyoonekana, ilhali kwenye gari hili mipira ya hatari zaidi ni ile iliyofichika nyuma ya vifuniko vya plastiki au chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, na pesa ya kwanza inapaswa kwenda huko.

Ninayoyasema yanahusu WRX za vizazi viwili vya mwanzo, yaani ile yenye msimbo wa GC8 iliyotoka mwaka 1992 hadi 2000, na GDA pamoja na GDB zilizofuata hadi 2007, zile za soko la Japani, zikiwa na injini ya EJ20 yenye turbo. Hapa Kenya, ambako sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, magari haya yote yalishaingia zamani na yamezeekea mikononi mwetu. Mapenzi yetu kwao hayakuanza jana. Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally ya 1994 akiendesha Impreza, Colin McRae akashinda mwaka 1997, na Richard Burns akashinda tena na Impreza mwaka 2000. Lakini gari changa kabisa katika kundi hili liliundwa 2007, na mpira huzeeka hata kama gari halitembei, kwa kuwa joto na hewa vinaendelea kuukausha. Kwa hiyo kilomita chache kwenye dashibodi hazimaanishi kwamba mipira ni michanga.

Nafasi ya kwanza: mkanda wa taimingi na vyote vinavyozunguka nao

EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na kwenye WRX kila upande una kemshafti mbili, yaani vyuma vinavyofungua vali. Mkanda mmoja mrefu wa meno huzizungusha zote nne, na huzungusha pia pampu ya maji. Ukikatika au ukiruka meno, pistoni hupiga vali zilizobaki wazi, vali hupinda, na mwenye gari huanza kutafuta injini nyingine. Hakuna mpira mwingine kwenye gari hili wenye uwezo wa kuua injini nzima kwa sekunde moja, na ndiyo sababu naupa nafasi ya kwanza bila kusita.

Kiwango kinachotumika Japani ni kubadilisha kila kilomita 100,000. Tatizo letu ni kwamba gari lililopita mikononi mwa watu watatu au wanne mara nyingi halina kumbukumbu ya maandishi, na kilomita za dashibodi si ushahidi wa kutosha. Msimamo wangu ni huu: kama hakuna karatasi inayotaja tarehe na kilomita, uhesabu mkanda huo kuwa haujawahi kubadilishwa, hata kama muuzaji anaapa.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni kwamba mara nyingi si mkanda unaokufa kwanza. Puli ndogo zinazouelekeza, ambazo moja yake ina meno, zina beringi ambazo grisi yake hukauka; tenshona ya oili, yaani kikaza mkanda, huanza kuvuja na kulegea; pampu ya maji hupata mchezo kwenye beringi. Kimojawapo kikikwama, mkanda mpya kabisa huvurugika pamoja nacho. Kwa sababu hiyo nimepanga chaguo za sokoni namna ifuatayo.

Chaguo la kwanza ni seti kamili ya Aisin, kampuni ya Japani inayotengeneza pampu za maji za magari mengi yanayotoka kiwandani huko. Ndani ya sanduku moja hukuta pampu, mkanda uliotengenezwa na kampuni ya Kijapani kama Mitsuboshi, tenshona, na puli zenye beringi za watengenezaji kama NTN au Koyo, ambao majina yao utayakuta pia kwenye puli zilizotoka na gari lenyewe. Unapata ubora unaokaribiana kabisa na wa kiwandani, na kila kitu kikiwa na umri mmoja.

Chaguo la pili ni spea halisi za Subaru zinazonunuliwa kimoja kimoja. Ubora wake sina la kuupinga, na kama uwezo upo, nunua. Nimeziweka za pili kwa sababu mbili za kawaida kabisa. Ukijumlisha bei ya kila puli, tenshona na pampu, mkono huanza kutetemeka, na mnunuzi huishia kuacha puli moja au mbili za zamani mahali pake, jambo linaloharibu kazi nzima. Pili, jina hilo ndilo linalovutia zaidi waghushi. Niliwahi kuuziwa mkanda ndani ya sanduku lililopendeza sana, lakini maandishi ya mgongoni yalifutika kwa kidole gumba chenye oili kidogo, na kitambaa kinachofunika meno kilikuwa na nyuzi zilizochomoza pembeni. Namba ya mkanda wa taimingi wa Subaru huanza na 13028, na ile ya kwenye sanduku sharti ilingane na ile uliyoipata kwa kutumia namba ya chesesi ya gari lako, maana mkanda wa injini ya kemshafti moja kila upande haufai kwenye yako, ingawa zote ni EJ.

Chaguo la tatu ni seti za Gates, Dayco au ContiTech. Mikanda yao naiamini. Ninachokuomba ni kuzitoa puli kwenye mifuko yake kabla ya kulipa na kusoma jina lililochorwa kwenye beringi, kisha kuizungusha kila moja kwa kidole: inayozunguka kwa uzito wa grisi, bila mkwaruzo, ni nzuri, inayozunguka kwa muda mrefu kama kichezeo cha mtoto ina grisi kidogo mno. Gates wana pia mkanda wa buluu uliokusudiwa mashindano, na watu huuulizia sana. Kwa gari la kwenda kazini na safari za wikendi hauhitajiki, na tofauti ya bei ni afadhali uiweke kwenye pampu bora.

Chaguo la nne, yaani mkanda peke yake, nalikubali tu pale ambapo una risiti zinazoonyesha kwamba vingine vilibadilishwa karibuni, labda mkanda ukalowa oili kutokana na sili iliyovuja. Chaguo la tano, mkanda au tenshona iliyotumika kutoka Japani, silikubali kamwe. Na hapa nitie neno kwa wanaonunua injini nzima iliyotumika, kama wengi wanavyofanya kwenye barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam: mkanda ubadilishwe injini ikiwa bado chini, kwa kuwa hapo kila kitu kiko wazi mbele ya fundi na hakuna kisingizio cha kuacha.

Unaponunua seti, ongeza kwenye orodha sili ya mbele ya krenki, sili nne za kemshafti na themostati halisi, kwa sababu fundi atakuwa ameshafika mahali hapo na bei ya sili ni ndogo kuliko bei ya kurudi. Kwa gasketi ya pampu ya maji, chagua ya chuma badala ya ya karatasi. Kisha mwulize fundi mambo mawili kabla hujamkabidhi gari. Kwanza, alama gani ya puli ya krenki ataitumia? Jibu sahihi ni mstari mdogo ulio kwenye meno ya nyuma, si mshale unaoonekana kirahisi usoni, na waliochanganya alama hizo wamepinda vali nyingi. Pili, ataibana vipi tenshona ili kuirudisha ndani? Anayesema ataigonga kwa nyundo au kuibana kwa haraka ikiwa imelala hafai, kwani inapaswa kusimamishwa wima na kubanwa polepole kwa dakika kadhaa, la sivyo sili zake za ndani hupasuka ikiwa bado mpya.

Nafasi ya pili: mpira wa petroli

Mpira wa petroli naueleza kwa ufupi kwa sababu hauna mengi ya kuchagua. Chini ya manifoldi ya kuingizia hewa kuna vipande vifupi vya mpira vinavyounganisha mabomba ya chuma ya petroli, na vikikakamaa huanza kutoa harufu asubuhi injini ikiwa baridi, kisha harufu hiyo hupotea injini ikipata moto kwa kuwa mpira hutanuka na kuziba. Watu huizoea harufu hiyo. Tafadhali usiizoee, maana iko karibu na turbo yenye moto mkali.

Chaguo la kwanza ni mpira halisi wa Subaru uliokatwa kwa urefu wake. Chaguo la pili, ambalo mimi mwenyewe nimelitumia, ni mpira wa mita wenye chapa ya SAE 30R9, uliotengenezwa kwa injini za sindano, yaani zinazonyunyiza petroli kwa presha bila kabureta, na wenye utando wa ndani wa FKM usiolika kwa petroli. Chapa hiyo iwe imeandikwa kwenye mpira wenyewe, mita kwa mita, wala si kwenye kinywa cha muuzaji. Mpira wenye 30R7 ni wa presha ndogo za kabureta na hauwezi kubeba presha ya injini hii, inayozidi baa 3 turbo ikisukuma. Mirija ya plastiki inayopenyeza mwanga, na mpira uliovikwa nyuzi za pamba ili upendeze, uache dukani. Ule wa pamba ni wa hatari kwa namna ya pekee, kwa kuwa nyuzi huficha nyufa hadi siku petroli inapodondoka. Funga kwa klipu za injini za sindano, zile zenye mzunguko kamili zisizo na matundu, kwa sababu klipu ya kawaida yenye matundu hukata mpira huu kama kisu.

Nafasi ya tatu: mipira ya maji

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. WRX ina mipira miwili mikubwa ya rejeta, miwili ya hita inayopenya ukuta wa nyuma wa injini, ule wa kupeleka maji kwenye turbo, ule mfupi niliouanza nao wa kutoka turbo kwenda kwenye tangi, na mingine midogo inayopitisha maji kwenye mwili wa throto na kurudi kwenye tangi. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, turbo imekaa upande wa dereva, nyuma, na kila mpira unaopita kona hiyo huiva mapema kuliko mingine. Nikilazimika kununua mipira mitatu tu mwezi huu, nitanunua miwili ya turbo na wa chini wa rejeta, kwa mpangilio huo, na nitauacha ule mkubwa wa juu ambao kila mtu anaukimbilia.

Watu wa Nairobi wana sababu ya ziada ya kuwa makini. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka huku kwa nyuzi karibu 94 badala ya 100 za Mombasa. Mfumo wa kupooza injini hutegemea presha ili maji yasichemke, na presha hutegemea kila mpira na kila kifuniko kushika. Ufa mdogo ambao pwani ungevuja tu huku hugeuka kuwa mchemko. Kwa sababu hiyo hiyo, nunua vifuniko vipya unaponunua mipira. Gari hili lina viwili, kimoja kwenye tangi na kingine kwenye rejeta, na havibadilishani nafasi.

Kuhusu namna ya kupima mpira uliopo, kuutazama hakutoshi. Injini ikiwa imepoa kabisa, bana mpira kwa vidole viwili karibu na klipu, kisha ubane katikati, na ulinganishe. Mpira wa EPDM, ambao ndio unaotumika kiwandani, mara nyingi huharibika kutoka ndani kwenda nje, hasa sentimita chache kutoka kwenye klipu, kwa sababu umeme mdogo unaopita kati ya maji na vyuma huchimba nyufa nyembamba za urefu. Ukihisi pale karibu na klipu pamekuwa laini kuliko katikati, au ukisikia mchakacho mdogo kama wa mchanga chini ya vidole, mpira huo umekwisha hata kama nje unang'aa. Maji ya bomba yasiyochanganywa na kulanti (dawa ya kupoozea injini) huharakisha ubovu huo na kutia kutu kwenye alumini, kwa hiyo tabia ya kuongezea maji matupu kila safari inaigharimu mipira maisha yake.

Sasa upangaji. Kwa mipira yote ya maji naiweka ya kwanza mipira halisi ya Subaru iliyofinyangwa kwa umbo lake. Inaingia bila kulazimishwa, haigusi puli wala feni, na ile ya kiwandani imekwisha kuthibitisha kwamba inaweza kudumu miaka mingi. Kwa mipira midogo ya turbo karibu hakuna mbadala unaofaa, kwa sababu kona zake ni kali na mpira wa mita hukunjika na kuziba njia. Ya pili ni mipira iliyofinyangwa ya kampuni zinazojulikana, kama Gates, ambayo kwa mipira mikubwa ya rejeta ni ununuzi mzuri kabisa na huokoa pesa za kununulia ile midogo.

Ya tatu ni silikoni. Najua wapo watakaonishangaa, lakini nimeifikiria sana. Silikoni nzuri, kama ile ya Samco Sport ya Uingereza, huvumilia joto kuliko EPDM na haikakamai kwa miaka, na kwa gari la mashindano ina haki yake. Ila ina tabia ambazo muuzaji hakwambii. Hupitisha mvuke wa maji kidogo kidogo, kwa hiyo tangi litahitaji kuangaliwa mara kwa mara zaidi. Ni laini, na klipu ya skrubu yenye matundu huikata, kwa hiyo sharti ununue pia klipu zenye utando wa ndani. Silikoni ya kawaida haistahimili oili, na kwenye injini ya EJ iliyozeeka oili ya vifuniko vya vali hudondoka mahali pengi. Hayo yote ni ya silikoni halisi. Silikoni ya bei ya chini inayouzwa kwa seti nyingi za rangi mbalimbali ina tabaka chache za kitambaa ndani, na unaweza kuitambua kwa kutazama ncha iliyokatwa: hesabu mistari ya nyuzi. Ikiwa ni mmoja tu, au hakuna, usiifunge kwenye gari linalobeba watoto wako.

Ya nne ni mpira wa mita unaokatwa dukani. Kwa vipande vilivyonyooka vya hita unafaa, mradi uwe wa maji ya moto na si wa bustani. Ya mwisho ni mipira iliyotumika kutoka Japani, ambayo huuzwa ikiwa imepakwa mafuta ya kung'arisha. Imeshakula umri wake kwenye gari jingine, na unanunua tu miezi iliyobaki.

Klipu nazo ni sehemu ya ununuzi. Klipu za springi za kiwandani ndizo bora kwa mipira ya maji, kwa kuwa hutanuka na kubana pamoja na mpira injini inapopata moto na kupoa. Mafundi wengi huzitupa na kuweka za skrubu. Mwambie fundi akurudishie zile za springi ambazo hazijapata kutu, na zilizochoka uzinunue mpya.

Nafasi ya nne: mirija ya hewa na ya turbo

Hii haitaua injini kwa siku moja, lakini ndiyo inayosababisha gari kutotulia sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), kukosa nguvu na kula petroli, na mwenye gari kuuziwa sensa asizozihitaji. Hapa silikoni inapanda hadi nafasi ya kwanza, kwa kuwa hakuna maji wala petroli, kuna joto tu. Nunua mrija wenye tundu la ndani la milimita 4 kwa matumizi mengi, wenye ukuta mnene usioweza kufyonzwa ukajikunja, na ubadilishe mmoja baada ya mwingine, usitoe yote kwa pamoja. Angalizo moja kubwa: ndani ya mmojawapo wa mirija inayodhibiti presha ya turbo kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba mfano wa sindano. Kitoe na ukihamishie kwenye mrija mpya. Kikitupwa pamoja na mrija wa zamani, presha ya turbo haitadhibitiwa inavyopaswa, na utaitafuta hitilafu kwa miezi.

Mipira inayopitisha mvuke wa oili kutoka kwenye injini isinunuliwe ya silikoni ya kawaida. Chukua ile halisi. Mpira wa kibusta cha breki nao uwe halisi, pamoja na vali yake ya kuzuia hewa isirudi.

Nafasi ya tano: mikanda ya nje

Mikanda miwili unayoiona mbele ya injini, wa alteneta na usukani na ule wa kompresa ya kiyoyozi, ndiyo inayopiga kelele, na kwa hiyo ndiyo inayobadilishwa kwanza. Ilhali kwenye injini hii ina madhara madogo kuliko watu wanavyodhani. Katika magari mengi ya zamani mkanda wa feni ndio unaozungusha pampu ya maji, lakini kwenye EJ pampu iko kwenye taimingi. Mkanda wa alteneta ukikatika, usukani utakuwa mzito na taa ya betri itawaka, lakini maji yataendelea kuzunguka, na unaweza kufika mahali salama palipo karibu kwa umeme uliobaki kwenye betri.

Chaguo la kwanza ni Bando au Mitsuboshi, za Japani, na karibu sawa nazo ni Gates na ContiTech. Soma namba iliyoandikwa mgongoni: 5PK890, kwa mfano, maana yake ni mifereji mitano na urefu wa milimita 890. Namba ichukuliwe kwa namba ya chesesi, wala si kwa kulinganisha na mkanda wa zamani ambao pengine nao haukuwa sahihi. Mikanda ya siku hizi ya EPDM haipasuki nyufa kama ya zamani. Huisha kimyakimya, mifereji ikizidi kuwa mipana na ya kina, kwa hiyo ukosefu wa nyufa si cheti cha afya. Kabla ya kununua kwa sababu ya kelele, nyunyiza maji kidogo kwenye upande wenye mifereji injini ikiwa sailensa, ukiwa umeweka mikono na nguo mbali na puli: kelele ikizidi, mkanda umelegea, ikinyamaza kidogo kisha irudi, puli hazijanyooka au ni chafu, na mkanda mpya hautaponya.

Mipira ya breki sikuiweka kwenye safu hii kwa kuwa haihusiani na kuhifadhi injini. Inahusu uhai wa walio ndani ya gari. Kama ina umri wa gari, ibadilishe yote minne pamoja bila kusubiri zamu, iwe ya mpira halisi au ile iliyovikwa waya wa chuma kisichoshika kutu kutoka kwa mtengenezaji anayeweka alama za viwango kwenye kila mpira.

Ukishafunga mipira ya maji, jaza kulanti polepole kupitia tangi, gari likiwa limeinuliwa kidogo pua na hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, kwa sababu injini iliyolala hushika hewa kirahisi. Siku inayofuata, injini ikiwa baridi, angalia kiwango cha maji, kisha uangalie tena klipu za skrubu baada ya kilomita 500, kwa kuwa mpira mpya hukaa vizuri na kulegea kidogo baada ya joto la mara ya kwanza. Andika tarehe, kilomita na jina la kila ulichonunua kwenye karatasi, uigundishe nje ya kifuniko cha taimingi au uifungie pamoja na kadi ya gari, ili atakayelinunua baada yako asilazimike kukisia kama mimi nilivyolazimika.